Wazigua wa Mto Juba waliohamishiwa Chogo, Handeni: wamerudi nyumbani au wameanza upya?

Mzee wa Mfongo (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Huwa nasoma tu humu, leo naanzisha uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, nitauweka vipande vipande, mnivumilie.

Nilikuwa bwana shamba upande wa umwagiliaji. Miaka mingi nimeimaliza kwenye majaluba ya mpunga, Chekereni na Mabogini. Katikati ya miaka ya 2000 nilikuwa nasafiri na basi kwenda Tanga, na hapa Moshi kiti cha pembeni yangu akakaa bibi mmoja mtu mzima sana, yuko na mjukuu wake wa kiume. Walikuwa wametoka hospitali kwa ajili ya macho ya bibi. Wakizungumza wenyewe nasikia Kizigua, lakini Kizigua ambacho masikio yangu hayakukizoea, na Kiswahili cha bibi kilikuwa kidogo mno. Nikajiuliza, Mzigua gani wa umri huu asiyejua Kiswahili?

Tulipofika daraja la Korogwe bibi akamshika mjukuu bega, akauliza jambo. Kijana akaniambia, "Mzee, bibi anauliza kama huu ndio Ruvu." Nikamwambia ndiyo, sisi tunauita Pangani lakini Wazigua wenyewe wanauita Ruvu. Akauliza tena, maji haya yanatoka wapi? Nikamweleza kuwa yanatoka kwetu: Kikuletwa inashuka na maji ya Meru na Kilimanjaro, tawi la pili linatoka upande wa Ziwa Jipe, yanakutana Nyumba ya Mungu, halafu mto unateremka mpaka hapa, unaendelea hadi baharini. Bibi aligeuza shingo kuutazama mto mpaka ukapotea. Akasema neno moja ambalo mjukuu hakunitafsiria, nami niliona si adabu kudadisi.

Yule bibi alizaliwa Somalia, bonde la Mto Juba. Alikuwa anaishi Chogo, Handeni, kwenye makazi waliyopewa Wazigua waliokimbia vita vya Somalia. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za watu hawa kila nipatapo nafasi, na naona Watanzania wengi hatuwajui kabisa.

Kwa kifupi asili yao ni hii. Miaka ya 1830 njaa kali iliipiga Uzigua. Watu wakateremka pwani kutafuta chakula, wengine wakajiweka rehani wenyewe au watoto wao, na mwisho wake wakajikuta ndani ya majahazi wakiuzwa Brava, Merka na Mogadishu. Walilimishwa mashamba ya bonde la Shebelle. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha aliyewaongoza kutoroka. Nia ilikuwa kutembea kwa miguu kurudi Uzigua. Walipofika Mto Juba, miaka ya 1840, wakasimama pale. Palikuwa na msitu mnene na mbung'o wengi, kwa hiyo wafugaji hawakuthubutu kuingiza mifugo yao. Mdudu tunayemlaani sisi ndiye aliyewalinda. Wasomali wakapaita Gosha, maana yake msituni, na wao wakawa Wagosha.

Hapo ndipo moyo wangu wa bwana shamba ulipokamatika. Kandokando ya Juba kuna mabonde madogo yanayoitwa dhasheeg. Mto ukifurika, na unafurika mara mbili kwa mwaka kama masika na vuli zetu, maji yanaingia mle na kutuama. Yakianza kupungua, mkulima anayafuata nyuma hatua kwa hatua akipanda mahindi, kunde na ufuta kwenye tope. Hasubiri mvua. Watu wa Rufiji wanaita kilimo cha namna hiyo mlau. Ni elimu ya kujua siku ya kupanda kwa kutazama ukingo wa maji, na haiandikwi popote, mtoto anaipata kwa kumfuata mama yake shambani.

Naendelea kesho, macho yamechoka.

Kiboriloni Moja

Shikamoo mzee. Endelea, nimeweka kambi hapa. Mimi mke wangu ni Mzigua wa Korogwe na hajawahi kunisimulia haya.

Ngarenaro77 (Arusha)

Mzee kwa heshima zote, naomba nitofautiane na wewe mapema. Miaka ya nyuma nilifanya kazi Handeni. Nimeona akina mama wa vijiji vya kule wakiamka saa tisa usiku kufuata maji kwenye madimbwi wanayochangia na ng'ombe. Vijana wao hawana ardhi ya kutosha, na kila mwaka kuna ugomvi wa wakulima na wafugaji. Halafu anakuja mtu aliyezaliwa nchi nyingine, babu wa babu yake aliondoka karibu miaka mia mbili iliyopita, anachimbiwa kisima, anajengewa shule, anakatiwa shamba. Kama tunafungua mlango kwa hoja ya asili, nusu ya Afrika Mashariki ina asili ya mahali pengine. Sina chuki na mtu, nataka jibu la hilo.

Mzee wa Mfongo (Moshi)

Ngarenaro77, hoja yako ni ya haki na sitaikwepa. Nipe nafasi nimalize walichopitia, halafu turudi kwako.

Watu hudhani kilichowaondoa Juba ni risasi za 1991 peke yake. Ardhi ilianza kuwatoka kabla ya hapo. Mwaka 1975 serikali ya Siad Barre, rais wa Somalia wakati ule, ilitunga sheria kwamba ardhi yote ni ya dola na anayetaka kuimiliki aende kujiandikisha. Mkulima wa Gosha, mbali na mji, bila mtu wa kumsemea, angejiandikishaje? Waliojiandikisha ni wakubwa wa Mogadishu na jamaa zao. Unalima shamba la babu yako, siku moja anakuja mtu na karatasi. Mashamba makubwa ya serikali nayo, ya miwa kule Marerey na mradi wa umwagiliaji wa Mugambo, yalimeza ardhi za vijiji. Na juu ya hayo yote walikuwa wakiitwa jareer, kwa ajili ya nywele zao, au adoon, yaani mtumwa, na hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwatetea.

Kwa hiyo Januari 1991 Siad Barre alipong'olewa, bonde lilikuwa tupu kwa maana ya ulinzi. Majeshi yake yaliyokuwa yakirudi kusini na wanamgambo waliokuwa wakimfukuza yalipita bonde lile kwenda na kurudi, na kila yalipopita yalikula. Wakulima walikuwa wakihifadhi nafaka chini ya ardhi, kwenye mashimo waitayo bakaar. Wenye bunduki walikuwa wakimpiga mzee mpaka aonyeshe shimo lilipo. Nimesoma mengi ya vita vile, lakini hilo la mashimo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu anayechukua nafaka ya shimo anachukua na mbegu. Njaa ya 1992 iliwakuta watu wa mto wenye ardhi nzuri kuliko sehemu nyingine zote za Somalia, na wakafa kwa wingi.

Waliobaki hai wakatembea mpaka Liboi, Kenya. Wakaingizwa kambi za wakimbizi za Dadaab: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Wengine walipelekwa Marafa, karibu na Malindi. Mle kambini walijikuta tena pamoja na watu wa koo zilezile zilizokuwa zikiwadharau, na wanawake waliokwenda kutafuta kuni walishambuliwa porini.

Mapema kabisa wazee wao waliomba waletwe Tanzania, nchi ya mababu. Mazungumzo yakaanza vizuri. Ikafika Aprili 1994, Warwanda karibu robo milioni wakavuka mpaka wetu pale Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na nchi yetu ikazidiwa. Wakajaribu Msumbiji, maana wapo miongoni mwao wenye asili ya Wamakua na Wayao. Hiyo nayo haikufika mwisho. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea watu kama 12,000. Mwaka 2002 wakahamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma, upande wa pili kabisa wa Kenya, na kuanzia 2003 wakaanza kupanda ndege. Watu wa dhasheeg wakaenda kujifunza theluji Lewiston, jimbo la Maine.

Lakini wapo ambao hawakusubiri mtu awapange. Walikuja wenyewe, kwa majahazi na kwa nchi kavu, mpaka Tanga. Waliwekwa kwanza Mkuyu, Handeni, kama wakimbizi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakahamishiwa Chogo, ambako kila familia ilipewa eneo la kujenga na shamba.

Mwanasheria wa Sekei (Arusha)

Niongeze kidogo upande wa sheria, kwa sababu hapa ndipo ulipo uzito.

Mtu anayeishi hapa kama mkimbizi, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, hatoki nje ya eneo alilopangiwa bila kibali. Na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamiliki ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji. Unaweza kumkatia shamba, lakini siku yoyote anaweza kuambiwa aondoke, na mtoto wake hawezi kurithi chochote cha kuaminika. Kwa watu waliopokonywa ardhi kwa karatasi ya 1975, shamba bila karatasi ni mtego uleule.

Ndiyo maana uraia wa tajnisi waliopewa watu wa Chogo, ukitolewa kidogo kidogo miaka ile ya 2000, ni jambo kubwa kuliko shule na visima. Raia anaweza kwenda serikali ya kijiji akaomba hati ya hakimiliki ya kimila kama Mzigua mwingine yeyote. Na waliwatangulia wale Warundi waliokimbilia kwetu 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wapatao 162,000, ambao vyeti vyao vilianza kutolewa 2014.

Sisi wa Arusha tukumbuke pia kwamba Mei 1979, mjini hapa, ulifanyika mkutano wa Afrika nzima kuhusu wakimbizi. Yale yaliyozungumzwa, kwamba mkimbizi apewe nafasi ya kujitegemea na kwamba nchi zinazopokea zisiachiwe mzigo peke yake, ndiyo yaliyojaribiwa Chogo miaka zaidi ya 20 baadaye. Mzee Nyerere alipewa medali ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaosaidia wakimbizi, mwaka 1983 kwa mambo ya aina hii.

Ngarenaro77, swali lako kuhusu asili: kisheria hawakupewa uraia kwa sababu ya babu zao. Waliomba, wakachunguzwa, wakapewa, mmoja mmoja. Asili iliwasaidia kupokewa na majirani. Cheti ni habari nyingine.

Mwana wa Juba

Nimeusoma uzi huu mara tatu kabla ya kuandika. Mimi nimekulia Mkuyu na Chogo. Sasa nafanya kazi Arusha, kwenye karakana ya useremala. Mzee wa Mfongo, shikamoo. Nakushukuru kwa kumwandika yule bibi kwa heshima. Simjui ni nani, Chogo bibi wa namna hiyo walikuwa wengi.

Nina jambo moja la kurekebisha, si la tarehe. Watu wote, waandishi, viongozi, hata wewe kidogo, mnapenda kusema tulirudi nyumbani. Nyumbani kwa mama yangu ni kijiji kilicho kando ya mto. Pale alizika watoto wawili. Alipoletwa Handeni hakurudi popote, alikuwa hajawahi kufika. Alikuja kwa sababu kulikuwa na bunduki nyuma yake na kwa sababu lugha aliyoongea na mama yake ilikuwa inasemwa huku. Hiyo lugha ilitusaidia kweli. Siku za kwanza wazee wa vijiji vya jirani walikuja kutusikiliza tunavyosema, wengine wakalia, wakasema sisi tunaongea kama babu zao. Vijana wao walitucheka, kwa sababu Kizigua chao kimeshachanganyika na Kiswahili, chetu kimechanganyika na Kisomali. Lakini ndoa zilianza haraka kuliko nilivyotegemea.

Kilichokosekana kilikuwa mto. Mama aliuliza wiki ya kwanza: mto uko upande gani? Akaonyeshwa kisima cha pampu. Watu waliokulia majini, wanaojua samaki gani anapanda mwezi gani, wanaowafundisha watoto kuogelea kabla ya kuhesabu, waliwekwa kwenye nchi ambayo wenyeji wenyewe wanalia maji. Miaka ya mwanzo tulipanda mahindi kwa mazoea ya Juba, mapema mno au baadaye mno, yakakauka. Wenyeji ndio waliotufundisha kusubiri mvua, kuweka mihogo kama akiba, kupanda michungwa. Bila wao tungebaki watu wa kupanga foleni ya mgao wa chakula.

Kaka Ngarenaro77, maumivu ya wenyeji wa Handeni nayajua, nimeshika foleni ya maji pamoja nao. Shule yetu ilisomesha watoto wa vijiji vya jirani, na zahanati hivyo hivyo. Hakuna aliyeulizwa babu yake alitoka wapi. Lakini sikatai, walikuwepo waliotuonea wivu, na walikuwa na sababu. Mtu amezaliwa pale, hajawahi kuchimbiwa kisima miaka 40, anaona kisima kinachimbwa kwa ajili ya mgeni. Aliyepaswa kuwachimbia wote wawili si mimi.

Ngarenaro77 (Arusha)

Mwana wa Juba, pole kwa yaliyokukuta wewe na mama. Nimekusoma vizuri. Bado naamini kosa lilikuwa kupanga misaada kwa kambi badala ya kwa tarafa nzima. Ukichimba visima kumi, vitano viwe kwa wenyeji, hapo hakuna wivu. Lakini lile neno la kwamba mnarudishwa kwa babu zenu, nakubali halikuwa lenu, mlibebeshwa. Nilikuwa nawalaumu kwa maneno ya watu wengine.

Binti Kilole

Jamani, mimi ni wa Korogwe na nipo Moshi chuoni. Naomba niseme jambo la maji maana mmeligusa. Lile bomba kubwa la Handeni linachota maji Mto Pangani, upande wetu wa Korogwe, na Handeni imo kwenye ule mradi wa maji wa miji 28 wa mkopo wa India. Kwa hiyo maji anayokunywa mtu wa Handeni mjini yametoka kwenye mto uleule aliouliza yule bibi. Nilipofika hapo kwenye maelezo ya Mzee nilisisimka. Mifongo, ile mifereji ya asili ya Kibosho na Machame, ikikauka, wa kwanza kusikia ni watu wa chini kule.

Mzee wa Mfongo (Moshi)

Mwanangu Mwana wa Juba, marahaba, na nimekubali kosa. Nimeuliza kwenye kichwa cha uzi kama wamerudi nyumbani wakati jibu lilikuwa kwa mama yako tangu wiki ya kwanza. Kichwa nitakiacha hivyo hivyo ili majibu yako yasomeke vizuri.

Binti Kilole, umesema kweli, na huku juu tunazidi kukata miti kwenye vyanzo. Hilo lina uzi wake.

Nirudi kwenye kazi yangu. Jambo linalonisumbua ni kwamba waliopanga Chogo walifikiria ardhi kwa ekari. Waligawa mashamba kwa kamba na vigingi, kila familia sawa. Ni haki, sipingi. Lakini kwa mtu wa mlau shamba si ekari, ni ukingo wa maji unaosogea. Elimu ya mama yako ilifika Handeni haina pa kukaa. Na mimi nimefanya kazi serikalini, najua hakuna fomu tuliyowahi kuijaza yenye sehemu ya kumuuliza mkulima anajua nini.

Nikuulize kitu. Handeni kuna mabonde ya udongo mweusi wa mfinyanzi, masika maji yanatuama wiki kadhaa. Je, kwenu hakuna sehemu ya namna hiyo?

Mwana wa Juba

Mzee, umenifanya nimpigie simu mama usiku huu.

Ipo. Ni bonde si kubwa, kama viwanja viwili vya mpira hivi, liko mbali kidogo na nyumba. Wenyeji huliacha kwa sababu masika huwezi kuingia na jembe. Mama ameniambia jambo ambalo sikulijua. Miaka mitatu sasa, yeye na wenzake wawili wa rika lake, maji yakianza kupungua wanashuka na ufuta na kunde, wanapanda ukingoni, wiki ijayo wanashuka tena. Majirani walidhani wazee wamechanganyikiwa, wanatupa mbegu kwenye tope. Nimemuuliza mbona hukuniambia? Akasema, ningekuambia nini, nalima.

Mwaka wa kwanza mbegu zilioza. Wa pili wakapata kidogo. Mwaka jana ufuta wao ulitoka vizuri wakati ule wa mashamba ya juu ulikuwa umenyauka kwa jua, na sasa kuna dada mmoja mwenyeji, mkwe wa jirani yetu, ameomba wamfundishe.

Mzee, kuna namna ya kufanya maji yakae muda mrefu zaidi mle bila kuharibu?

Mzee wa Mfongo (Moshi)

Ipo, ila usimruhusu mtu yeyote aingize trekta wala kuchimba lambo mle kabla hatujapima. Ukichimba katikati maji yote yatakimbilia shimoni na ukingo utakauka mara moja, mama atakuwa amepoteza shamba.

Mwambie hivi. Masika haya, maji yatakapofika juu kabisa achomeke kijiti. Kila baada ya siku saba achomeke kingine pale ukingo ulipofika, mpaka bonde likauke. Asing'oe hata kimoja. Kwa vijiti hivyo tutajua maji yanashuka kwa kasi gani na upande upi una mteremko mkali, halafu tutaona kama tuta dogo la udongo upande wa kutokea maji linatosha.

Fremu yangu ya A, ya kupimia usawa wa ardhi, bado ipo stoo, na kamba ninazo. Mvua zikikatika nitapanda basi mpaka Korogwe, wewe utanipokea. Yule dada mwenyeji naye awepo siku hiyo. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa pembeni, usiiweke hapa.

Mwana wa Juba

Nimekutumia. Mama anauliza vijiti viwe vya mti gani, kuna vingine mchwa wanakula.

Mzee wa Mfongo (Moshi)

Mwarobaini, kama upo. Ukikosekana, wowote mgumu, apake majivu chini.